Kabla hujamwita fundi kumjengea mamba banda nyumbani

Swali linalotufikia mara kwa mara siku hizi, kwa simu na kwa watu wanaofika wenyewe ofisini, ni la vipimo. Banda la mamba mchanga liwe na ukubwa gani, bwawa lichimbwe futi ngapi, maji yabadilishwe kila baada ya siku ngapi. Wanaouliza wengi wana nia njema: wameuziwa au wamezawadiwa kitoto cha mamba, wengine wakaambiwa ni aligeta, jamaa wa mamba anayetoka Marekani, na wanataka aishi vizuri. Anachohitaji bandani nitakieleza. Lakini swali la kibali linatangulia, maana fundi akishaanza kumwaga zege kosa linakuwa limeshatendeka.

Wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inapotaja nyara, haizungumzii pembe na ngozi tu. Mnyama aliye hai naye ni nyara, hata yai lake. Kukutwa na nyara bila kibali ni kosa chini ya kifungu cha 86, na shauri lake mara nyingi husomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi. Adhabu hufuata thamani ya nyara, na kwa mashauri mazito inafikia kifungo cha miaka 20 hadi 30. Ofisa wanyamapori huandaa hati ya tathmini ya thamani. Kabla ya hapo kunajazwa hati ya ukamataji mali, na wewe unasaini, askari anasaini, na shahidi huru anasaini, kwa kawaida mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe. Kisha hati ya makabidhiano inamfuata mnyama kila anapohama mkono, kutoka kwa askari hadi kwa mtunza vielelezo. Hati hizi husomwa mahakamani moja baada ya nyingine. Naeleza yote haya ili mtu asidhani shauri la mamba wa sentimita 40 ni jambo la kumalizana palepale getini.

Na hoja ya risiti naomba tuiache. Aliyekuuzia hakuwa mwenye mali, kwa hiyo karatasi yake haikupi umiliki wa chochote. Vibali vilivyopo ni vya bustani, mashamba na ranchi za wanyamapori. Mwombaji huandika barua, huonyesha eneo na mpango wake, eneo hukaguliwa, na akishapata kibali hutunza daftari la wanyama: aliyezaliwa, aliyekufa, aliyetoroka. Chumba cha uani hakimo kwenye orodha hiyo.

Wapo wanaotujibu kwamba wao hawana mamba, wana aligeta. Mtazame akiwa amefumba mdomo. Mamba wetu wa Nile ana pua iliyochongoka kiasi, na jino la nne la taya la chini huonekana nje pembeni. Aligeta ana pua pana iliyoviringa kama koleo, na meno ya chini hujificha ndani. Picha nyingi tunazotumiwa zinaonyesha jino hilo wazi kabisa, yaani ni mamba wa kwetu aliyechukuliwa mtoni. Hata angekuwa aligeta kweli, jamii yote ya mamba duniani inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu 1979. Atahitaji kibali cha nchi alikotoka, kibali cha kumwingiza hapa na cheti cha afya ya mnyama. Mnyama aliyepitishwa uwanja wa ndege ndani ya begi la nguo hana hata kimoja.

Sasa banda. Banda halipimwi kwa mnyama uliyenaye leo. Aligeta huanguliwa akiwa na sentimita zipatazo 20, na akipata joto na chakula huongeza karibu sentimita 30 kwa mwaka. Kwao Florida na Louisiana baridi humfanya apunguze kula miezi kadhaa. Dar es Salaam haina baridi ya kumzuia, kwa hiyo hukua mfululizo. Baada ya miaka sita hivi unaweza kuwa na mnyama wa mita 1.8, naye bado anaendelea. Dume huweza kumalizia zaidi ya mita tatu na nusu, na mamba wa Nile huweza kumpita. Anahitaji maji ya kuzamisha mwili mzima na kugeuka bila kugusa ukuta, nchi kavu ya kujianika kwa urefu wake wote na nafasi ya kugeukia, jua la moja kwa moja, na kivuli cha kulikimbia jua hilo. Bwawa la saruji lenye kina kifupi, likiwa wazi saa saba mchana mwezi Januari, hupata moto kiasi cha kumuua.

Sakafu ya zege isiyopigwa niru humchubua tumbo na nyayo, vidonda vikaoza kwa kuwa yeye hujisaidia ndani ya maji hayohayo. Maji hayo hubeba bakteria wa salmonela. Ukiyafungulia kwenye mtaro wa mtaa, watoto wanaochezea mtaroni ndio wanaoyapokea. Wavu wa seng'enge haumzuii, maana mamba mchanga hukwea wavu, na mkubwa huchimba. Kisha kuna suala la kisima. Nyumba nyingi za Kigamboni, Mbagala na Kunduchi zinatumia maji ya kisima yenye chumvi. Mamba wa Nile ana tezi za kutolea chumvi kwenye ulimi. Aligeta hana tezi zinazofanya kazi hiyo, na akikaa humo muda mrefu anadhoofika. Hili hatujawahi kuulizwa na mtu hata mmoja, wakati ndilo lingekuwa swali la kwanza.

Mwaka jana tuliitwa na mama mmoja wa Kimara. Mamba wake alikuwa kwenye diaba la kufulia chini ya ngazi, juu amefunikwa na kipande cha wavu wa dirisha kilichokandamizwa kwa tofali. Nilipomshika, taya la chini lilibonyea chini ya kidole gumba changu kama mpira wa ndala. Meno yalikuwa yameinama nje na mkia umepinda sehemu mbili. Mama alikuwa anamlisha minofu ya kuku kila siku, akiichambua mifupa mwenyewe asije akakabwa. Porini mamba mchanga hula wadudu, vyura na samaki wadogo wakiwa wazima, mifupa na yote. Minofu mitupu ina kalsiamu kidogo mno, na gizani chini ya ngazi hakuna jua la kumsaidia kuitumia hata hiyo kidogo, hivyo mwili unaichota kwenye mifupa yake wenyewe. Yule mama alilia tulipomweleza. Mamba hakupona.

Kuna jibu moja ambalo kwa kweli linanichosha: "Akikua nitamwachia Msimbazi." Huyo ni mamba aliyezoea kwamba binadamu akisogea, chakula kimefika. Mabonde ya mito ya Msimbazi na Kizinga hapa Dar es Salaam yana watu wanaovuka kwa miguu, wanaolima mchicha, wanaochota mchanga. Na banda la bondeni hufunguka lenyewe siku ya mafuriko. Waliokuwapo Jangwani Desemba 2011 wanajua maji yalifika wapi. Ukuta wa mita moja na nusu usingemzuia mnyama yeyote. Serikali ina utaratibu wa kifuta machozi kwa wanaodhuriwa na wanyamapori wakali, mamba akiwamo. Haukuwekwa kwa ajili ya mamba aliyefugwa kinyume cha sheria na mhusika mwenyewe.

Kwa hiyo kama unaye sasa hivi, mkabidhi. Toa taarifa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, au kwa ofisa wanyamapori wa manispaa yako, au kituo cha polisi kilicho karibu, kabla hujamsogeza popote. Siwezi kutoa ahadi kwa niaba ya ofisi ya mashtaka. Ninachoweza kusema ni kwamba aliyepiga simu mwenyewe na aliyefumaniwa hawana maelezo yanayofanana kwenye jalada. Andika tarehe uliyompata na alikotoka, hata kama ni jina la stendi tu. Siku ya kukabidhi usimlishe. Mweke kwenye boksi gumu lenye matundu na gunia lililoloweshwa chini, lifunikwe ili awe gizani, giza humtuliza. Usimfunge mdomo kwa waya, na usimjazie maji ndani ya boksi, kwa sababu njiani anaweza kuzama.