Chuo kikuu kilianzaje? Tuanze na neno lenyewe

Ukipita Ngamiani hapa Tanga saa za alasiri ukauliza mtoto wa fulani yuko wapi, utajibiwa yuko chuoni, na mtoto mwenyewe ana miaka sita, kabeba juzuu anaenda madrasa. Vijana wa fildi (mafunzo kwa vitendo) wanaokuja kwetu huku kwenye nyaraka kutoka bara wanacheka sana. Wasicheke, Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu, vyuo ni vitabu, na mwanachuoni ni mtu wa vitabu, mambo ya digrii yamekuja juzi tu.

Wazungu wao neno lao halina kitabu wala jengo. University limetoka kwenye universitas, ni Kilatini, maana yake umoja, yaani kama chama cha mafundi. Bologna kule Italia, ambako wenyewe wanahesabu kuanzia 1088, wanafunzi wengi walikua wageni mjini, wenye nyumba wanawapandishia kodi, basi wakaungana, wakawa na sauti mpaka kwenye bei za vyumba, na walimu wakawa wanalipwa na wanafunzi hao, mwalimu akichelewa kipindi anapigwa faini na wanafunzi (malekchara someni hapo taratibu). Paris ikawa kinyume, umoja ulikua wa walimu. Na kabla ya hao wote kuna Qarawiyyin ya Fez, Moroko, ulianza kama msikiti mwaka 859 na anayetajwa kuuanzisha ni mwanamke, Fatima al-Fihri. Ubishi wa nani wa kwanza hauishi, mi naona inategemea we unaita nini chuo kikuu.

Kwetu sasa. Wajerumani walifungua skuli ya serikali hapahapa Tanga miaka ya 1890 ila walichotaka ni makarani na walimu, basi. Waingereza nao hawakua na haraka, aliyetaka kusoma juu zaidi alienda Makerere, Uganda, Nyerere mwenyewe kapita huko kabla ya Edinburgh. Cha kwetu kikafunguliwa Dar Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wanafunzi 14, sheria tupu, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na digrii zikiwa za London. 1963 kikaingizwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, Mlimani wakahamia 1964, na kujitegemea ni Julai 1970.

Kwahiyo ukikuta sandukuni cheti cha babu aliyesoma Dar miaka ya 60 na juu kimeandikwa Afrika Mashariki, sio feki hicho, usikitupe.