Je, Wajua Kwa Nini Kalashnikov Huitwa SMG Tanzania?

Ukifuatilia taarifa za majangili wanaokamatwa kwenye mapori ya akiba upande wa Manyoni, au wa majambazi wanaonaswa barabara kuu ya kuja Dodoma, hutakosa kusikia kwamba wamekutwa na bunduki aina ya SMG. Picha ikitoka, kilicholazwa juu ya meza ni Kalashnikov, ile ambayo sehemu nyingi duniani huitwa AK-47: kitako cha mbao, magazini iliyopinda, mtutu mfupi. Ukienda kwenye vitabu vya silaha utaambiwa SMG ni bunduki ya aina nyingine kabisa. Wapo wanaodhani askari au waandishi wetu wamechanganya mambo. Hawajachanganya. Jina hilo limefika kwetu kwa njia inayoeleweka, na njia hiyo inapita China.

Tuanze na SMG yenyewe. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, sub-machine gun, yaani bunduki ya rashasha iliyo ndogo kuliko rashasha ya kawaida. Na rashasha ya kawaida wakati huo haikuwa kitu cha mtu mmoja. Bunduki ya Maxim, iliyobuniwa London na Mmarekani Hiram Maxim mwaka 1884, ilikuwa na pipa la maji la kupooza mtutu, miguu yake ya chuma, na kundi zima la watu wa kuihudumia. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika hapa katikati ya nchi, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akayashambulia majeshi ya van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, pale Kondoa Irangi Mei 1916, silaha za namna hiyo zilisafirishwa kwa migongo ya wapagazi. Askari aliyetaka kukimbia mbele huku akimimina risasi hakuwa na cha kushika.

Ulaya walianza kutafuta jibu, na la kwanza lilikuwa la ajabu. Mwaka 1915 Waitaliano walitoa Villar Perosa: mitutu miwili iliyolala sambamba, vishikio viwili nyuma, kitako hakuna. Ilikusudiwa kwanza kwa ndege. Ilitumia risasi za bastola, na kila mtutu ulikuwa na magazini yake ya risasi 25 iliyochomekwa kwa juu. Kwa kuwa kila mtutu ulifyatua zaidi ya risasi 1,000 kwa dakika, magazini ilikwisha kabla hujahesabu mbili. Kwa mtu wa miguu haikuwa na raha yoyote, lakini wazo la msingi lilikuwa sahihi: chukua risasi ndogo ya bastola, itie kwenye bunduki inayofyatua mfululizo, na silaha itakuwa nyepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja. Wajerumani walilitengeneza vizuri zaidi mwaka 1918 kwa MP 18. Marekani, Jenerali John T. Thompson alikuja na bunduki yake vita ikiwa imekwisha, na ndiye aliyeipa silaha ya aina hii jina la sub-machine gun.

Kwa hiyo kinachoitambulisha SMG ni risasi yake. Chukua risasi mbili, moja ya PPSh-41, SMG maarufu ya Kisovieti iliyotengenezwa kwa mamilioni katika Vita ya Pili, na nyingine ya Kalashnikov, uzilaze kiganjani. Vichwa vyote viwili vina kipenyo kinachotajwa kuwa milimita 7.62. Tofauti iko kwenye ganda. La PPSh ni fupi, milimita 25. La Kalashnikov lina milimita 39, limejaa tumboni kisha likabanwa shingoni, na baruti iliyomo ndani ni nyingi zaidi. Risasi ya PPSh hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 500 kwa sekunde, ya Kalashnikov mita 700 na ushee. Ya kwanza ni ya mapigano ya karibu, ya nyumba kwa nyumba. Ya pili humfikia mtu aliye mita 300. Kwa kipimo hicho, Kalashnikov si SMG.

Sasa tuje China. Jeshi la China lilinakili PPSh na kuiita Aina ya 50, na lilipigana nayo Korea. Ilikuwa silaha ya askari anayetangulia kwenye mashambulizi, na jina lake kwa Kichina, chongfengqiang, linasema hivyo hivyo: bunduki ya kushambulia mbele kwa mbele. Mwaka 1956 China ikaanza kutengeneza Kalashnikov kwa kibali cha Wasovieti. Bunduki mpya ilikabidhiwa askari yule yule, kwa kazi ile ile. Wachina hawakuona sababu ya kubadili jina. Ikaitwa chongfengqiang Aina ya 56, na kwa Kiingereza neno hilo lilikuwa limeshazoeleka kutafsiriwa sub-machine gun. Mimi naona walikuwa na hoja nzuri. Mtengenezaji huangalia risasi na mitambo. Kamanda huangalia nani anaibeba na anaenda kufanya nini.

Na si wao peke yao. Wajerumani walipounda bunduki yao ya kwanza ya namna hii, Hitler hakutaka kusikia habari ya bunduki mpya ya askari wa miguu. Waliokuwa wakiitengeneza wakaendelea nayo chini ya jina MP 43, herufi zile zile za MP 18, ionekane ni SMG tu. Baadaye alipoikubali ndipo ikaitwa Sturmgewehr, bunduki ya mashambulizi. Wasovieti nao waliita yao avtomat, neno ambalo Warusi walilitumia tangu siku za bunduki ya Fedorov ya mwaka 1916. A ya AK inatoka hapo, K ni Kalashnikov.

Kwetu, Tanganyika Rifles tuliyorithi kwa Waingereza iliasi Januari 1964, Dar es Salaam na Tabora, ikavunjwa. JWTZ ikaanzishwa Septemba 1, 1964, na mwaka huo huo wakufunzi na silaha kutoka China vikaanza kuingia. Silaha ziliingia na majina yake. Ndiyo maana hata leo ukizungumza na kijana aliyepita JKT, iwe Makutupora au kambi nyingine, atakutajia SMG bila kufikiri mara mbili.

Hapa mkoani kwetu kuna mahali ambapo majina haya yalikutana. Kuanzia 1964, Kongwa, kwenye eneo la ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa, serikali iliwapa kambi wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Wapo waliofunzwa Muungano wa Kisovieti, wapo waliofunzwa China. Bunduki ile ile, aliyetoka Odessa alifundishwa kuiita avtomat, aliyetoka China alifundishwa jina la Kichina. Moja ya bunduki hizo imechorwa kwenye bendera ya Msumbiji, na wengi wa waliokwenda kupigana huko walilala Kongwa kwanza. Ninapopita njia ya Mbande huwa natamani kila mtoto wa Dodoma alijue hilo.

Linabaki neno moja ambalo taarifa zetu hulitaja karibu na SMG, nalo ni SAR. Hiyo ni bunduki ya Simonov, SKS, yenye risasi 10 na singe inayokunjwa chini ya mtutu. Hufyatua risasi moja kila unapovuta triga, haimimini, na kifupi chake cha Kiingereza, semi-automatic rifle, kinasema hivyo: bunduki ya nusu otomatiki. China ilianza kuitengeneza mwaka ule ule wa 1956, ikaiita nayo Aina ya 56. Rashasha nyepesi ya Degtyaryov, RPD, nayo ikapewa 56. Silaha tatu tofauti, namba moja, risasi ya aina moja. Ukisoma kwamba imekamatwa bunduki Aina ya 56, bado hujajua ni ipi, mpaka mwandishi aongeze SMG au SAR.