Anayejua kuogelea naye anahitaji jaketi okozi

Katika mialo ya Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, kuna kauli ya tangu zamani: jaketi okozi ni la wageni, aliyekulia ziwani anajua kuogelea. Kuogelea ni stadi njema, lakini kunahitaji fahamu na nguvu. Anayetupwa majini ghafla huenda amegonga kichwa ubavuni mwa boti, au ameshtuka akavuta pumzi pamoja na maji. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana nyuzijoto 25 hivi. Si baridi kali, ila ni chini ya joto la mwili, na saa zikipita hata muogeleaji hodari huishiwa nguvu.

Linaloniuma zaidi ni la watoto. Wengi humvika mtoto jaketi la mtu mzima, au humpakata tu. Boti ikipinduka, ni vigumu mno kwa mama kuendelea kumshika, na jaketi kubwa hupanda juu, mtoto akachomoka chini yake. Chagua kwa uzito ulioandikwa kwenye lebo, si kwa umri. Mdogo apate lenye kola ya kuinua kichwa na mkanda unaopita kati ya miguu. Funga vifungo vyote, kisha livute juu kwa kushika mabega ya jaketi: likifika masikioni, tafuta dogo zaidi. Mtu mzima ajipime hivyohivyo, na alivae kabla boti haijaondoka. Na tuache kuyakalia majaketi kama mito. Povu la ndani likikandamizwa mara kwa mara, uwezo wa kuelea hupungua.