Ukija Mombasa kwa Siku Mbili, Lala Kisiwani

Ujumbe umeingia tena, na maneno ni yaleyale: "Nakuja Mombasa Ijumaa, narudi Jumapili. Nitafutie hoteli ya bichi karibu na Fort Jesus." Hoteli hiyo haipo, kwa sababu karibu na Fort Jesus hakuna bichi. Pale pana jabali la matumbawe, na ngome imesimama juu ya jabali hilo. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji wa Kale, na swali hili nimelijibu kwa upole mpaka upole umeniishia. Leo naandika kwa kirefu ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Mombasa ni kisiwa. Watu hulijua hili wakiwa nyumbani kwao, wakianza kupanga safari wakalisahau. Upande mmoja kuna mkono wa bahari wa Tudor, upande wa pili Kilindini, na kingo zake karibu zote ni miamba, bandari au kuta. Bichi mnazoziona kwenye picha haziko hapa. Nyali, Bamburi na Shanzu ziko ng'ambo ya Daraja la Nyali. Diani iko ng'ambo ya Likoni, kilomita 30 hivi kusini, na ile ni Kwale, kaunti nyingine. Watamu na Malindi ni Kilifi. Mtu aliyelala Diani siku tatu kisha akapanda treni kurudi Nairobi hajakanyaga kisiwa hiki. Simlaumu kwa kuipenda Diani, ni pazuri mno. Ninachokataa ni yeye kurudi kazini na kuwaambia wenzake kwamba Mombasa ameimaliza.

Nikishaeleza hayo, jibu huja haraka: "Basi nitalala Bamburi, mjini nitakuwa nakuja na kurudi. Si ni karibu tu?"

Hapo ndipo ninapokereka. Ni karibu kwa kilomita, lakini kisiwa hakipimwi kwa kilomita. Kina milango michache: Makupa na Kipevu upande wa magharibi, Daraja la Nyali kaskazini, feri ya Likoni kusini. Maelfu ya watu wanaofanya kazi kisiwani wanalala nje ya kisiwa. Asubuhi wote wanaingia, jioni wote wanatoka, na wanapita milango hiyohiyo. Sasa mgeni aliyelala Bamburi anaamka, anakunywa chai ya hoteli taratibu, anaingia barabarani pamoja na watu wa kazini. Anafika Mji wa Kale saa tano. Jua limeshapanda, vichochoro vimekuwa tanuri, biashara za alfajiri zimekwisha na za jioni hazijaanza. Anaiona ngome kwa haraka akitafuta kivuli, anapiga picha chini ya zile pembe bandia za ndovu za Moi Avenue, anakula, na ikifika saa kumi dereva anamhimiza watoke kabla ya msongamano. Wanaukuta palepale darajani. Usiku ananiandikia kwamba Mombasa ni joto na foleni. Ameuona mji katika saa zake mbaya kuliko zote, na saa hizo alizichagua mwenyewe alipochagua pa kulala.

Mgeni aliyelala kisiwani huenda kinyume na umati. Asubuhi akitaka kwenda Nyali, upande wake wa daraja una nafasi, magari yamejaa upande wa pili. Jioni anarudi mjini wakati mji unatoka. Feri ni vivyo hivyo: asubuhi msukumo ni wa kutoka Likoni kuja kisiwani, jioni ni wa kurudi Likoni. Mtu mmoja, safari ileile, barabara ileile, na anaokoa saa nzima au zaidi kwa kulala upande wa pili wa maji.

Siku hizi kuna pia barabara ya Dongo Kundu, inayomtoa mtu Miritini hadi upande wa Kwale bila kuingia kisiwani wala kupanda feri. Kwa anayekwenda Diani ni neema. Kwa anayedai anakuja kuiona Mombasa, ni njia ya kuizunguka asiione.

Kwa hiyo lala mjini, usiku mbili. Ukipata chumba Mji wa Kale wenyewe, chukua, lakini ujue unachochukua: ngazi zimesimama wima, kuta ni nene, na adhana ya alfajiri utaisikia kutoka misikiti kadhaa kwa pamoja. Kwa mwenye watoto wadogo sana au mzee wa magoti, sina yakini kama ushauri huu unafaa. Huyo atafute hoteli upande wa Moi Avenue au Tudor. Bado yuko kisiwani, na hilo ndilo muhimu.

Asubuhi ya kwanza toka mapema, saa kumi na mbili na nusu si mapema mno. Mama wa mahamri ameshawasha jiko. Tazama anavyofanya: kipande cha unga kinatumbukia kwenye mafuta, yeye anakimwagia mafuta ya moto juu kwa upawa mpaka kinafura, anakigeuza mara moja tu, harufu ya iliki inatoka. Agiza na mbaazi za nazi. Kula pale pale kwenye benchi, usifungiwe, kwa sababu hamri likikaa kwenye karatasi linalegea. Kisha shika Ndia Kuu polepole, utazame juu kwenye roshani za mbao na chini kwenye milango ya nakshi. Utapita Msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe. Husemwa ulijengwa 1570, na bado watu wanaswali ndani yake, hivyo usiingie kama unaingia makumbusho. Teremka mpaka bandari ya zamani. Ukiona jahazi linapakuliwa, simama utazame, na uombe ruhusa kabla ya kutoa simu.

Kuhusu ruhusa niseme jambo ambalo vitabu vya utalii hulipita. Mji wa Kale ni makazi. Kina mama wanakaa barazani mbele ya nyumba zao, watoto wanakwenda madrasa, na mgeni anawapitia katikati akiwa na kamera. Mimi ndiye ninayemleta, na hufika siku nikajiuliza kama ninaowaleta wameshazidi. Jibu kamili sijalipata. Ninachofanya ni kuleta makundi madogo, kusalimu kila baraza, na kumwambia mgeni afunike mabega na magoti. Anayeona hayo ni usumbufu namshauri atafute mtembezaji mwingine.

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi. Uwe mlangoni saa hiyo, na ubebe kitambulisho, maana raia wa Kenya hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa akiwafanyia kazi, na UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2011. Hayo yameandikwa kila mahali. Wageni hupenda zaidi kuambiwa kwamba ngome ina umbo la mtu aliyelala chali, na watembezaji tumelikariri hilo kama aya. Mimi nikisimama juu ya ukuta simuoni mtu. Naona ncha nne za kuta zilizopangwa ili mzinga wa huku uulinde ukuta wa kule, asipatikane adui anayeweza kujibanza chini bila kuonekana. Ni kweli wajenzi wa zama zile nchini Italia walichukua vipimo vyao kutoka mwili wa binadamu. Lakini simama kwenye kona moja, fuata kwa jicho mstari ambao risasi ingepita, na utaielewa ngome kuliko kwa kutafuta kichwa na mikono.

Usikose michoro ya makaa na udongo mwekundu ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani, meli juu ya meli. Usikose pia vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli iliyozama hapo mbele mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira ngome. Mzingiro ule ulianza Machi 1696 na haukuisha mpaka Desemba 1698. Ukiwa juu ya ukuta, ukilitazama lile lango jembamba la bahari, utaona kwa nini kila aliyeitaka Mombasa aliitaka kwanza sehemu hii. Waingereza nao waliifanya jela, kuanzia 1895 hadi 1958.

Saa sita mchana ingia ndani. Kula biriani au samaki wa kupaka, lala kidogo. Wenyeji hawatembei juani saa hizo, na maduka mengi hufungwa kwa swala na chakula. Ijumaa ongeza subira: swala ya mchana hujaza mitaa yote ya karibu na misikiti.

Sasa, bahari. Sikusema usiende bichi. Nimesema usiifanye kitanda cha safari ya siku mbili. Na ukienda, nakuomba sana, uliza maji kwanza. Kila msimu nasikia mtu analalamika kwamba alifika Bamburi akakuta "bahari imekauka". Haijakauka, imekupwa. Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukifika wakati yametoka, utatembea juu ya mwani na vidimbwi ukiyatafuta mawimbi kule mwambani.

Na haya hayahitaji programu ya simu, yanahitaji kujua mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku moja mbili zinazofuata, maji hapa hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya kama wiki moja mambo yamegeuka: yanajaa mnamo saa nne na kupwa mnamo saa kumi, na huo ni wakati wa maji mafu, ambapo hayapandi sana wala hayashuki sana. Wavuvi wa hapa wanayahesabu haya kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu bila kutazama karatasi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "bichi niende saa ngapi", mimi namuuliza mwezi una siku ngapi, naye anadhani namkwepa. Wikendi ya mwezi mpevu, kaa mjini asubuhi yote, vuka kwenda Nyali saa nane, uogelee maji yakiwa juu alasiri, kisha urudi jioni kinyume na umati. Wikendi ya maji mafu, anza na bahari asubuhi, urudi kabla ya adhuhuri. Kama unataka kuona samaki na viumbe vya mwambani, hesabu igeuze: nenda asubuhi ya bamvua maji yakiwa yametoka, na mvuvi wa hapo akuongoze pa kukanyaga, kwa sababu matumbawe hai yakivunjwa hayarudi leo wala kesho.

Majira nitayapitia haraka. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni joto na bahari tulivu. Kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, upepo una nguvu na bahari huchafuka nje ya mwamba, lakini kutembea mjini ni rahisi zaidi. Masika, Aprili hadi Juni, beba mwavuli na ufurahie bei za vyumba. Ramadhani wengi huiogopa bure. Mchana migahawa mingi hufungwa, ni kweli, lakini usiku Mji wa Kale hauna mfano: kaimati, viazi vya karai, mkate wa sinia, watu wote nje mpaka usiku wa manane.

Jioni moja iwe ya bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, ambako wenyeji tunaita Lighti. Nenda saa kumi na moja, nunua madafu na mhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, ukae chini ya mibuyu. Meli za makontena hupita mlangoni mwa Kilindini karibu sana hivi kwamba utaweza kuwaona mabaharia wakitembea juu ya sitaha. Hakuna kiingilio, hakuna mwongozo, na ni mahali ambapo familia za Mombasa zenyewe hupumzika. Nashangaa ratiba za mashirika zinavyopaacha ili mgeni awahi kurudi kwenye bwawa la hoteli.

Siku ya pili, vuka Likoni kwa miguu na urudi. Mtembea kwa miguu halipi. Nenda kati ya saa tatu na saa nane, wakati umati umepungua, na simu ibaki mfukoni. Ukirudi, tuktuk itakufikisha kwenye Mnara wa Mbaraki: nguzo ya mawe ya matumbawe, ndani ni wazi, imesimama peke yake karibu na msikiti. Utakuta pengine mabaki ya ubani na marashi walivyoviacha waliokuja na haja zao. Wageni wengi hawaujui mnara huu kabisa, nao uko dakika chache tu kutoka feri.

Haller Park kule Bamburi ni kazi kubwa ya kugeuza machimbo ya saruji kuwa msitu, na inastahili siku yake. Usiibane katikati ya siku hizi mbili.

Kanga nunua Jumamosi, Mtaa wa Biashara, kabla ya adhuhuri. Jumapili maduka mengi hayafunguliwi. Nunua doti nzima, soma jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, kabla ya kulipa, hasa kama ni zawadi ya mama mkwe. Viungo ni Marikiti, hatua chache kutoka hapo. Chukua iliki na mdalasini ambavyo havijasagwa.

Ya mwisho ni treni. Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na kabla ya kupanda kuna ukaguzi wa mizigo na foleni yake. Kama treni yako ni ya alasiri, toka mjini ikiwa imebaki muda wa saa mbili, na umuulize dereva hali ya foleni ya Changamwe, njiani, kabla hujaingia garini.