Maji ya Porini: Kila Njia ya Kuyasafisha Ina Tundu Lake

Katika kila msafara wa milimani niliowahi kwenda, hakosekani mtu wa kuinama kijitoni, achote kwa viganja, anywe hadi kidevu kilowe, kisha anigeukie mimi mpima maji na swali lile lile: "Maji baridi hivi, yanatoka juu kabisa, yatakuwa na nini?" Zamani nilikuwa nabishana. Siku moja nikachoka, nikatoa kisanduku cha kupimia nilichokuwa nimekibeba kwa kazi nyingine. Nikapitisha mililita 100 za maji yale kwenye karatasi ya kuchujia yenye vitundu vya mikroni 0.45 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), nikailaza karatasi kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, nikakiacha kisahani usiku kucha kwenye joto la nyuzi 44. Kulipokucha tukafunua. Karatasi ilikuwa imetapakaa vidoti vya manjano kama mtama uliomwagika. Nilipofika thelathini niliacha kuhesabu. Kila kidoti ni ukoo mzima uliotokana na bakteria aliyetoka tumboni, na tunajua vitu vya tumboni hutokea wapi. Kwa maji ya kunywa, hesabu inayokubalika ni sifuri katika mililita 100. Jamaa yetu aliangalia kisahani, akaangalia kijito, akauliza kama nina dawa ya kutapika.

Vidoti vile havisemi kwamba lazima utaumwa. Vinasema kinyesi cha mtu au cha mnyama kimeingia majini, na chochote kilichokuwa ndani yake kimeingia nacho. Wanaonitia wasiwasi mimi hawaonekani kabisa kwenye kisahani kile. Huwa nawapanga kwa ukubwa, maana ukubwa wao na ugumu wa ganda lao ndivyo vinavyoamua utawatoa kwa njia gani. Wakubwa ni protozoa, vijidudu vya seli moja: Giardia, ambaye kifuko chake, lile ganda analojifungia akiwa nje ya tumbo, kina mikroni 8 hadi 12, na Cryptosporidium mwenye 4 hadi 6. Bakteria wengi wanaotuharisha ni wa mikroni moja au mbili kwa urefu. Virusi kama vya homa ya ini ya A na norovirusi ni vidogo mno, takriban mikroni 0.03. Ukitaka kupata picha, unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi.

Nikiulizwa njia ipi ni bora, nami huuliza: unataka iliyo bora dhidi ya nani? Njia karibu zote zina tundu, na kazi ni kulijua tundu la ile uliyoibeba.

Sufuria ndiyo pekee isiyo na tundu upande wa vijidudu. Joto halibagui. Wengi huogopa kwamba huko juu maji huchemka mapema, na ni kweli: kila ukipanda mita 300 kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja hivi, kwa hiyo kwenye mita 4,000 maji huchemka kwenye nyuzi 87 tu au pungufu kidogo. Lakini vijidudu hawa hawasubiri nyuzi 100. Kwenye nyuzi 70 Giardia na Cryptosporidium hufa kwa takriban dakika moja, na safari yote ya kutoka 70 hadi kuchemka, pamoja na muda wa kupoa, ni mauaji yanayoendelea. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri dakika moja ya kutokota, na dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000 hivi. Angalia tu kwamba yametokota kweli. Vile vipovu vidogo vinavyoshika kuta za sufuria mwanzoni ni hewa inayotoka majini, si kuchemka. Subiri mapovu makubwa yanayopanda kutoka chini na kupasuka juu bila kukoma hata ukikoroga. Ubaya wa sufuria ni gesi, muda, na maji ya moto wakati una kiu.

Kwa hiyo watu hubeba kichujio, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nilipopata cha moto mimi mwenyewe.

Vichujio vyepesi vya siku hizi ndani yake ni fungu la mirija myembamba kama tambi, kila mrija ukiwa na kuta zenye vitundu vya mikroni 0.1 au 0.2. Maji hupenya ukutani, mchafu anabaki upande wa pili. Protozoa hapiti, bakteria hapiti. Virusi hupita kama mbuzi kwenye ua lililobomoka. Hilo ndilo tundu lake la kwanza, na pale ambapo watu wengi hupiga kambi karibu na mto si tundu la kupuuza, kwa kuwa virusi vinavyotuumiza hutoka zaidi kwa watu wenzetu kuliko kwa wanyama.

Tundu la pili halionekani. Maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia tisa. Kichujio kilichokwisha kutumika hakikauki kirahisi. Ndani ya ile mirija hubaki maji. Usiku mmoja kwenye kambi ya juu nilikiacha changu kwenye mfuko wa pembeni wa begi, nje ya hema. Asubuhi kulikuwa na utando wa barafu juu ya sufuria. Nilikichukua kichujio, nikakitikisa, kikatoa maji vizuri, tena kwa kasi kuliko jana yake. Nikafurahi! Mtu anayepima maji kwa mshahara, akifurahia kichujio kilichoanza ghafla kupitisha maji haraka. Mirija ilikuwa imepasuka, na maji yalikuwa yanapita bila kuchujwa. Nilikunywa maji hayo siku mbili.

Tangu hapo, baridi ikikaribia sifuri, kichujio changu hulala nami ndani ya mfuko wa kulalia, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kisinilowanishe. Kikiganda nakitupa, hata kama kionekane kizima. Hakuna jicho linaloweza kukikagua. Kwa tope ni rahisi zaidi: kikianza kuziba, kisukumie maji safi kinyumenyume mpaka yatoke maangavu. Maji yanayotoka kwenye barafu ya milimani, yale yenye rangi ya maziwa, hubeba unga wa mwamba na huziba kichujio ndani ya siku moja. Hayo yachote jioni, yaache yatulie hadi asubuhi, kisha uchuje ya juu tu. Chembe ndogo ya shabu iliyosagwa, ukikoroga taratibu, hufanya tope lishikane na kuzama haraka zaidi.

Dawa za klorini, ziwe vidonge au matone, ni nyepesi kuliko vyote na huua bakteria na virusi vizuri sana. Ukitumia klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, iwe ile isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 au 6: matone mawili kwa lita ya maji maangavu, mara mbili ya hapo kama yana ukungu au ni baridi sana, kisha subiri nusu saa. Mwishoni unuse. Harufu hafifu ya klorini ni habari njema, maana yake kuna iliyobaki baada ya kazi. Kama hakuna harufu, rudia kipimo na usubiri tena robo saa. Tope huila klorini kabla haijawafikia wadudu, ndiyo maana maji machafu hunyonya dawa na bado hayawi salama. Na chupa ya klorini iliyokaa kwenye joto au jua kwa miezi mingi inaweza kuwa imebaki maji ya chumvi tu.

Tundu la klorini lina jina: Cryptosporidium. Ganda lake ni gumu kiasi kwamba klorini ya miligramu 1 kwa lita huhitaji zaidi ya siku kumi kummaliza. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee, Marekani, ulijifunza hilo kwa uchungu: maji ya bomba yalikuwa yametiwa klorini kama kawaida, na bado watu wapatao 400,000 waliugua, kwa sababu hatua ya kuchuja ilishindwa kumkamata. Ikiwa klorini haikuweza huko, kidonge kimoja kwenye chupa yako kwa nusu saa hakina la kufanya. Vidonge vya klorini dioksidi vinamweza, ila huchukua saa nne, na watu wengi huishia kusubiri nusu saa kisha kunywa. Iodini nayo haimwezi, na haifai kwa mjamzito wala mwenye matatizo ya tezi ya thairoidi. Vitamini C huondoa ile ladha mbaya ya iodini, lakini itie baada ya muda kuisha. Ukiitia mapema umeiua dawa.

Sasa tazama jinsi matundu haya mawili yanavyozibana. Kichujio humkamata Cryptosporidium lakini huachia virusi. Klorini huua virusi lakini humwacha Cryptosporidium. Chuja kwanza, tia klorini baadaye, na kila mmoja atamzibia mwenzake. Kwenye njia yenye watu wengi hivi ndivyo ninavyofanya, na mzigo hauongezeki hata gramu mia.

Taa ya mionzi ya urujuanimno ni nzuri ikiwa maji ni maangavu na betri ina chaji. Haimuui mdudu moja kwa moja, inamharibia DNA asiweze kuzaliana, na kwa lita moja dakika moja na nusu hutosha kwa taa nyingi. Ukungu majini humpa mdudu kivuli cha kujificha. Jua lenyewe hufanya kazi kama hiyo kwenye chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita mbili: saa sita za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Kwa anayetembea kutwa si njia ya kutegemea, ila ukikwama kambini bila kitu kingine ni bora mara mia kuliko kunywa yalivyo.

Kuna maji ambayo hakuna hata moja ya njia hizi itakayoyafaa. Zebaki, risasi na dawa za mashambani hazifi kwa kuchemshwa. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke sumu inakolea. Vivyo hivyo ziwa lenye utando wa kijani kama rangi ya ukuta iliyomwagika: hao ni sayanobakteria, bakteria wanaofanana na mwani, na sumu yao hubaki hata wenyewe wakishakufa. Chini ya machimbo, chini ya mashamba makubwa, au mbele ya utando ule, pita na kiu yako hadi chanzo kinachofuata. Vilevile epuka kuchota mara tu baada ya mvua kubwa, maana mafuriko ya kwanza huzoa kila kilichoachwa kando ya mto tangu mvua iliyopita.

Kitu kidogo ambacho karibu kila mtu hukisahau ni mdomo wa chupa. Umechota kwa chupa ile ile kijitoni, ukatia kidonge, ukafunga. Ndani maji yametibiwa, lakini kwenye hesi, zile njia za mviringo ambazo kifuniko huzungukia, kumebaki maji mabichi, na hapo ndipo unapoweka midomo. Baada ya kutia dawa na kutikisa, geuza chupa kichwa chini, legeza kifuniko kidogo mpaka maji yenye dawa yachuruzike kwenye hesi, kisha kaza na uanze kuhesabu dakika. Mwenye kichujio atenge chombo cha maji machafu na cha maji safi, wala wasikutane begini. Mikono nayo: ile jeli ya spiriti haifui dafu kwa Cryptosporidium, na kwa norovirusi ni dhaifu. Sabuni na maji, hatua sabini kutoka mtoni.

Nirudi kwenye kichujio changu kilichoganda. Nilishuka mlimani mzima kama kigongo. Siku ya tisa, nikiwa nyumbani, tumbo likaanza: gesi, mbweu zenye harufu ya yai viza, choo chenye mafuta kinachoelea. Siku mbili kabla nilikuwa nimekula harusini, basi nikamsingizia mpishi wa watu. Norovirusi hukuangusha ndani ya siku moja au mbili, lakini Giardia hujificha wiki moja hadi tatu, na mtu huwa ameshasahau kabisa kile kijito. Kipimo cha kwanza cha choo hakikuonyesha kitu, kwa kuwa vifuko vyake havitoki kila siku. Alionekana kwenye cha tatu. Kama tumbo litakusumbua ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, mwambie daktari tarehe uliyokunywa maji ya porini, na uombe apime Giardia kwa jina lake, kwa sampuli za siku tofauti.