Je, wajua fundi stima hujisahihishia mtihani wake mwenyewe?

Kwa miaka mingi nilikuwa na imani moja, na nikiuliza mtaani naona siko peke yangu: ati ukimaliza kuweka waya kwa nyumba, watu wa Kenya Power wanakuja, wanachungulia kila soketi, wanaridhika, ndio wanakufungia mita. Yaani kuna mtu wa serikali mahali amekaa akikulindia nyumba. Hii imani niliibeba mpaka nikajenga vyumba vinne vya kukodisha hapa Mamboleo, Kisumu, siku fundi alipokuja na kamkoba kake akaniambia, "Mkubwa, leo sifungi kitu, leo napima halafu nasaini."

Nikamuuliza, unasaini nini na wewe ndio uliweka hizo waya? Si hiyo ni kama mwanafunzi kujisahihishia mtihani?

Akasema ndiyo, ni hivyo hivyo.

Na kweli ni hivyo. Ukiomba mita, Kenya Power wanataka kitambulisho, PIN ya KRA, na cheti cha wayaring, na hicho cheti hakitoki kwao, kinatoka kwa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia kawi na petroli, ile iliyokuwa inaitwa ERC mpaka 2019. Wao shughuli yao kubwa ni kuleta stima mpaka kwa mita. Kutoka mita kuingia ndani, mpaka kwa ile soketi iko nyuma ya kitanda, ni yako na fundi wako. Hata Uingereza ni karibu hivyo, tangu 2005 fundi wa England na Wales aliyesajiliwa kwa mpango unaotambulika anajipitishia kazi za nyumbani mwenyewe, asiyesajiliwa ndio lazima aripoti kwa ofisi ya majengo.

Njia ya kufika hapo nitaipitia haraka: unasoma chuo au unafanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, unakusanya miaka ya kazi, unaomba EPRA, unahojiwa, unapewa daraja. C2 ndio ya chini, stima ya fezi moja kama ya nyumba nyingi, C1 inaingia fezi tatu, halafu B, halafu A. Na ukitaka kujiajiri, cheti cha ufundi peke yake hakitoshi, unahitaji pia leseni ya kontrakta. Wengi hukwama hapo, wanajua kazi vizuri sana lakini hawana karatasi, kwa hivyo wanamtafuta mwenye nayo awagongee muhuri kwa nyumba ambayo hajawahi kukanyaga. Mimi mwenyewe niliwahi kuelekezwa kwa mtu kama huyo, na nikaona ni msaada.

Sasa kosa langu la pili, na hili ndio lilinishangaza zaidi. Nilidhani kupima ni kuwasha taa. Ikiwaka, waya ziko sawa, kwisha. Lakini bulbu haina akili hiyo. Bulbu itawaka vizuri hata kama waya ya kijani na njano, ile ya kwenda ardhini, haijaunganishwa mahali popote. Itawaka hata kama fundi amepitisha swichi kwa nyutro, waya ya kurudisha stima, badala ya laivu, ile ya kuileta, na hapo unazima taa, giza linaingia, unapanda stuli kubadilisha bulbu ukijua hakuna stima na kumbe holda iko hai inakungoja. Itawaka hata kama plastiki ya waya imechunwa ndani ya paipu na shaba iko karibu kugusa kitu. Bulbu inajua swali moja tu, stima imefika ama haijafika. Kama imefika kwake na bado inapita kwingine, hiyo haiihusu.

Ndio maana kwa kamkoba kulikuwa na mega, kifaa cha kupima kama plastiki ya waya inazuia stima kuvuja. Zamani zilikuwa za kuzungusha na mkono, siku hizi ni za batri na kitufe.

Kuielewa, nenda kwa jamaa wa pancha za boda. Ukimletea tyubu haangalii na macho akakwambia iko sawa. Anaijaza upepo, anaizamisha kwa beseni ya maji, anangoja mapovu. Mega inafanya hivyo hivyo na ile plastiki ya waya. Inasukuma volti 500 kwa waya ambazo hazijaunganishwa na stima bado, halafu inatega kuona kama kuna kitu kinavuja kwenda waya ya jirani au ardhini. Mapovu hapa ni mkondo mdogo sana. Jinsi plastiki inavyozuia stima hupimwa kwa megaom, na kiwango cha chini kinachokubalika ni megaom 1, na ukipiga hesabu ya volti 240 kwa megaom 1 unapata milliampia 0.24, wakati RCD ya kawaida ya nyumba, ile swichi inayokata stima ikivuja, inaruka kwa 30. Kwa hivyo mega inasikia mnong'ono ambao RCD haiwezi kusikia.

Kwa nini 500 na nyumba inatumia 240? Kwanza hiyo 240 ni kama wastani, stima ya kupanda na kushuka inagonga kilele cha kama 340 mara mia kwa sekunde. Pili, tyubu haipimwi na upepo wa kupuliza na mdomo. Ile mita ndogo ya fundi redio, ya batri ya volti 9, ndio kupuliza na mdomo: itakwambia hakuna pancha, na pancha iko, inangoja tu uzito wa pikipiki. Utaona pia namba ya mega inapanda kidogo kidogo kabla itulie, kama tyubu inavyomeza upepo ikijinyoosha kwanza.

Lakini mega nayo si nabii. Ukuta uliopigwa plasta juzi bado una maji na unaweza kushusha namba bila kosa la mtu, na hapa karibu na ziwa unyevu si habari. Panya anaweza kuingia kesho yake. Na haisemi lolote kuhusu kama waya ya ardhini inafika kweli kwenye fito, ile fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini, hiyo ina kipimo chake, na udongo una neno: black cotton, ule mweusi wa kunata, ya kuelekea Ahero wakati wa kiangazi inapasuka na kuiachilia fito, ule wa majivu ya volkeno wa Nakuru unakauka upesi.

Kinachofanya huu mtihani wa kujisahihishia usiwe utani kabisa ni kwamba majibu ni namba. Fundi haandiki "nzuri", anaandika megaom ngapi, na fundi mwingine anaweza kuja na mega yake kesho akarudia, na hapo chini kuna namba ya leseni ya huyo wa kwanza.

Vyumba vitatu vilipita, namba zikawa juu mpaka kifaa kikaacha kuhesabu. Cha nne kikagoma, laivu kwa nyutro karibu sifuri. Fundi akafungua soketi moja, akafungua ya pili, jasho likamtoka, akaangalia paipu, akaniangalia mimi. Halafu akainua macho kwa dari. Kulikuwa na bulbu ya LED, swichi iko on, nimeifunga mwenyewe jana yake ndio siku mita ikija nione kama waya ziko sawa.

Akaitoa, akapima tena, ikapita. Bulbu yenyewe haikuwahi kuwaka. Zile volti 500 nadhani ziliimaliza.