Kabla ya Kusaini, Soma Ambacho Mkaguzi Hakukiona

Ripoti ya ukaguzi wa nyumba ikifika mkononi, wanunuzi wengi hukimbilia picha za nyufa. Mimi huwaomba waanze na sentensi zisizo na picha: "dari haikufunguka", "chumba kilijaa mizigo", "sakafu imefunikwa kwa zulia". Mkaguzi huangalia kinachoonekana tu. Habomoi ukuta wala hang'oi vigae, maana nyumba bado si yako. Pale alipoandika kwamba hakufika, hajasema pako salama. Mwombe muuzaji pafunguliwe, kisha mkaguzi arudi.

Ndipo uje kwenye nyufa. Ufa mwembamba kama unywele, usiofika milimita 1, mara nyingi ni wa plasta iliyokauka ikasinyaa. Unaonishtua ni ule unaokata mshazari kutoka kona ya dirisha, mpana upande mmoja kuliko mwingine, au unaozidi milimita 5. Huenda msingi umetitia, au udongo wa mfinyanzi ulio chini yake unavimba ukilowa na kunywea ukikauka. Mti mkubwa ulio karibu huufyonza maji zaidi. Hapo mwite mhandisi wa majengo, hata kama ufa umezibwa na kupakwa rangi. Ukiona kiraka cha zamani kimepasuka tena, ujue ukuta bado unasogea.

Unyevu nao usomwe kwa chanzo chake. Ulio chini ukutani, wenye mstari wa chumvi kwenye kimo cha kama mita 1, kwa kawaida hupanda kutoka ardhini. Doa la juu, karibu na paa, mara nyingi ni la kigae kilichovunjika au mfereji wa mvua ulioziba, na tiba yake ni nyepesi zaidi. Nimeona watu wakiacha nyumba nzuri kwa sababu ya mfereji, na wengine wakinunua nyumba ambayo kenchi zake zimeliwa na mchwa, kwa kuwa mchwa walitajwa ukurasa wa mwisho. Huniuma sana.

Ripoti ya mthamini wa benki si ukaguzi: yeye hupima kama nyumba inatosha kuwa dhamana ya mkopo.

Ukimaliza kusoma, mpigie mkaguzi. Muulize kipi kitengenezwe kabla ya kuhamia na kipi kinaweza kusubiri. Kisha fundi akupe makadirio ya maandishi, uyapeleke kwa muuzaji ukiwa hujasaini: apunguze bei, au arekebishe kwanza. Akikataa yote mawili, yajumlishe makadirio hayo na bei yake, ndipo uamue.